Glasi ya Zafarani

Sehemu ya Saba

Wiki jana tulimwacha Mahira kwenye kiti cha mbao katika kliniki ya damu, mkoba mapajani, na Sista Nanjala amemsukumia karatasi ya maabara na kumwambia: "Mahira, dawa hii hujaimeza miezi mitatu."

Wengi mlinipigia simu kuuliza kama ni kweli. Haya, turudi. Kiti bado kina joto.

"Mimi?" Mahira akauliza. "Sijaimeza mimi?"

"Damu yako ndiyo inasema. Si mimi."

"Sista, kila siku ya Mungu naimeza. Baada ya chai ya asubuhi, glasi nzima."

Nanjala ni mzaliwa wa Bungoma aliyemaliza miaka kumi na minane katika hospitali za Mombasa, na machozi ya wagonjwa ameyaona ya kila namna. Hakuinua uso. Aliifungua chupa ya Mahira, akamimina vidonge kwenye trei, akavihesabu kwa kijiti. Kumi na kimoja. Akatazama kalenda ukutani. Kumi na kimoja ndivyo vilivyopaswa kubaki.

"Vinatoka kwenye chupa," alisema polepole. "Hilo nakubali. Swali langu ni vinaingia kwa nani."

Kama umejiunga nasi leo, Mahira ni mpambaji hina wa Mji wa Kale, umri miaka thelathini na mmoja. Miaka miwili sasa ana saratani ya damu. Kidonge kimoja kila siku ndicho kinachomweka hai, na kidonge hicho hupewa bure, kwa mpango wenye nafasi chache na foleni ndefu.

"Unaviuza?" Nanjala akauliza.

"Niviuze! Niuze roho yangu, sista?"

"Wako waliouza. Walikuwa na watoto wa kulisha." Akavirudisha vidonge kwenye chupa, kimoja kimoja. "Sikiliza. Mwaka ule mlioanza pamoja mlikuwa saba. Watatu hatunao tena. Unamjua Bwana Huzefa, yule wa vyumba vya kulipia kule juu?"

"Namjua. Tulikuwa tukikaa benchi moja."

"Kidonge hiki kilimshinda Huzefa, kikaacha kumfanyia kazi. Wanawe wakamwagizia dawa ya pili kutoka ng'ambo. Juzi alikuwa hapa, ananitania nimeongezeka mwili. Wale watatu kiliwashinda vilevile. Wao walirudi nyumbani kungoja."

Mahira akaushika mkoba kwa mikono miwili.

"Kesho saa nne daktari anakaa na orodha," Nanjala akaendelea. "Nikiandika kwamba umemeza na damu bado imechafuka, atasema dawa imekushinda, na ile ya pili kwenye kabati letu haimo. Nikiandika kwamba hukumeza, atakutoa kwa uzembe. Kuna watu arubaini na wawili wanakingoja kiti chako."

"Kwa hivyo vyovyote vile nimekwisha."

"Imebaki njia moja. Kama kuna mtu anakuibia, nitajie jina lake. Nitaandika kwamba umeibiwa, utaanza upya, na huyo mtu atajibu mwenyewe mbele ya wakubwa. Nitakupigia kesho kabla faili lako halijafunguliwa. Simu yako bado ni ile mbovu?"

"Husikika kwa spika tu."

"Basi uwe mahali pa faragha. Na uwe na jina."

Jina! Mahira alitoka nje, jua likampiga usoni, na akatembea hadi Mji wa Kale bila kujua amepita njia gani.

Tuhesabu pamoja naye. Nyumba yao ni orofa ya pili, kichochoro kimoja nyuma ya msikiti. Ndani wanaishi watu watatu: Mahira, mumewe Muhdhar, na Gulshan, mamake Muhdhar. Watoto hawajajaliwa. Chupa ya dawa hukaa kwenye kabati la sahani, halina ufunguo. Kwa hivyo jina linalotakiwa ni moja kati ya mawili, na wote wawili hula naye sinia moja.

Muhdhar anauza vipuri vya cherehani Makadara. Mtu mpole, mtu wa mzaha. Lakini Mahira alipopanda ngazi siku ile alianza kukumbuka vitu. Ile pikipiki mpya, na huku mwenyewe analalamika kila siku kwamba siku hizi hakuna anayetengeneza cherehani. Ile simu inayowekwa kifudifudi. Na hili kubwa zaidi: mkewe anaumwa miaka miwili, na Muhdhar hajakanyaga kliniki hata mara moja. Eti harufu ya hospitali humtia kizunguzungu.

Wakati wa chakula cha mchana Mahira alitega mtego.

"Sista kasemaje?" Muhdhar akauliza.

"Kasema damu i safi."

Gulshan akashika kifua kwa mikono miwili. "Alhamdulillahi! Si n'likwambia? Weye wapona zamani!" Na machozi ya furaha yakamtoka pale pale, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

Muhdhar hakufurahi. Tonge lilibaki mkononi.

"Safi kabisa?"

"Kabisa."

"Na chupa waliitazama?"

Mbona aulize chupa, Mahira akajiuliza.

"Waliitazama. Hesabu ilikuwa sawa."

Muhdhar akashusha pumzi ndefu, tonge likaenda kinywani, na kabla chai haijaletwa alikuwa ameshachukua funguo za pikipiki.

Najua, msomaji. Ushamhukumu. Hata mimi kalamu yangu ilikuwa ishamtia pingu. Lakini ngoja kukuche.

Jumatano saa mbili na nusu asubuhi Gulshan alileta glasi kama kawaida, juu ya kisahani, kwa mikono miwili.

"Bismillahi, mwanangu."

Lazima niwaeleze glasi hii. Kidonge kile kilipoanza kilimtapisha Mahira vibaya. Sista akaruhusu kiyeyushwe kwenye maji. Gulshan akasema, kama ni kuyeyusha, atakiyeyusha kwenye kombe. Na kombe, kwa ndugu zetu wa bara, ni aya zinazoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi mawaridi, mgonjwa akanywa. Gulshan alifunzwa kuliandika na babake, na mwandiko wake ni mzuri hata wanaume humsifu. Kila siku alimwandikia mke wa mwanawe, akaosha, akatia kidonge, akakoroga.

Kidonge chenyewe kina rangi ya chungwa. Zafarani nayo ni manjano. Hapo ndipo kosa lilipopitia: miaka miwili Mahira amekunywa glasi ya manjano, na kidonge chake hakukiona tena kwa macho.

Leo aliamua kutazama. Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Mfanyakazi wa hina hadanganywi na rangi, anajua iliyotiwa maji mengi na iliyochanganywa na ya jana. Glasi ilikuwa safi, vidole vyake akaviona upande wa pili. Haikuwa na ukungu. Chini haikuwa na mashapo.

Akakumbuka. Mwaka wa kwanza glasi ilikuwa na ukungu, na uchungu wake ulikaa ulimini mpaka adhuhuri. Miezi ya karibuni uchungu uliondoka. Maskini, alifurahi! Alidhani ulimi umezoea. Alimshukuru Mungu kwa kuondolewa uchungu, kumbe kilichoondolewa ni dawa.

Akanywa fundo moja. Tamu. Marashi matupu.

"Mbona wan'tazama hivyo?" Gulshan akauliza.

"Nakutazama tu, Mama."

Akainywa yote, asishukiwe. Gulshan akapokea glasi, akambusu kipajini, akavaa buibui lake. "Natoka kidogo. Kuna mgonjwa n'enda kumtazama."

"Mgonjwa gani?"

"Humjui."

Na chini ya buibui, upande wa kushoto, palikuwa na kitu kimetuna. Mahira alikitambua kwa umbo lake. Ilikuwa ile chupa ndogo ya chai, yenye maua mekundu, ambayo Gulshan alisema ilivunjika mwezi wa Ramadhani.

Mama mkwe mzima, mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso, anatoroka na chupa ya chai!

Mahira alihesabu mpaka hamsini. Akavaa buibui, akafunga ninja usoni, akashuka. Mji wa Kale una faida hii: mwanamke aliyejifunika uso anaweza kumfuata mwanamke mwingine kichochoro baada ya kichochoro, na hakuna atakayeuliza ni nani.

Mbele yake Gulshan alikwenda kwa haraka isiyo ya umri wake. Mwenye duka la kahawa akamsalimu, "Subalkheri, Ma Gulshan," akajibu bila kusimama. Muuza vitunguu akataka habari za nyumbani, akapungiwa mkono tu. Tuktuk ikamkosa kwa inchi mbili kwenye kona, Gulshan hata hakugeuka kutukana. Mtu gani wa Mombasa hukoswa na tuktuk akanyamaza?

Walitokea Makadara. Mbele ya mkahawa mmoja wa mahamri na mbaazi palisimama pikipiki. Mahira aliijua pikipiki ile. Na aliyeegemea juu yake alimjua zaidi.

Muhdhar.

Gulshan akaitoa chupa ya chai chini ya buibui, akampa mwanawe. Hawakuzungumza maneno matano. Muhdhar akaingia lango la uani nyuma ya mkahawa, Gulshan akabaki kupanga foleni ya mahamri.

Kumbe mama na mwana! Alikuwa akitafuta jina moja, sasa anayo mawili. Mahira alimpita mama mkwe wake karibu kiasi cha kusikia harufu ya marashi yake, akaingia lango lile lile.

Uani palikuwa na vyumba vinne, kila kimoja na pazia. Nyuma ya pazia la mwisho alisikia sauti ya mwanamke, ya kijana, sauti iliyochoka.

"Umechelewa leo. Nilidhani mkeo amekuzuia."

"Hajui kitu," sauti ya Muhdhar ikajibu. "Kunywa yote. Jana ulibakisha."

Mahira hakupiga hodi. Alilivuta pazia mpaka kamba ikakatika.

"Sasa najua," akasema, na kuivua ninja yake.

Mwanamke alikuwa kitandani, miaka ishirini na kitu, amejifunika leso, mifupa ya mabega imejitokeza. Muhdhar amepiga magoti kando yake, glasi mkononi. Ile chupa yenye maua mekundu ilikuwa chini, wazi, kifuniko pembeni.

"Mahira! Tulia nikwambie."

"N'nani huyu?"

"Tulia kwanza."

"Nimekuuliza n'nani! Umeniletea mke mwenza, Muhdhar? Wamlisha dawa yangu?"

"Ni dada yangu!"

Mahira akacheka, kicheko kibaya. "Weye u mwana wa pekee. Mamako yuwapi, akusikie wamzulia mtoto?"

"Nipo," ikasema sauti mlangoni.

Gulshan alisimama na furushi la mahamri ya moto. Hakushangaa. Alionekana kama mtu aliyeingoja siku hii na sasa amechoka kuingoja.

"Na hakuzua," akasema. "Huyu ni Mwende, na ni mwanangu. Kanyonya ziwa langu miaka miwili."

"Mwende? Mkamba?"

"Mkamba. Miaka ishirini na saba sasa. Chini ya nyumba yetu akipanga mtu wa bandarini na mkewe. Mke akafa kwa uzazi. Wiki ile ile mimi n'mezika kitoto changu cha kike, cha siku tisa, na maziwa yanijaa kifuani, sina pa kuyapeleka. N'kamtwaa. Babake kaja kumchukua ashajua kutembea, akaenda naye Kibarani. Hapana aliyeniuliza mimi taishi vipi."

Nje mtu alikuwa akikuna nazi.

"Kaja kunitafuta mwenyewe, mkubwa mzima," Gulshan akaendelea. "Alikuwa apika kwenye kantini ya bandarini. Kaja na tumbo limefura na homa isiyokwisha. Ugonjwa wako wewe, Mahira. Ugonjwa ule ule."

Mahira akamgeukia mumewe. "Na glasi hiyo?"

"Ni kombe tu, Mahira, wallahi. Mama humwandikia Mwende kama anavyokuandikia wewe. Mimi nalipokea tu."

Mahira aliichukua glasi mkononi mwake. Akaiinua kwenye mwanga. Ukungu. Na chini, mashapo laini kama mchanga wa pwani. Akachovya kidole, akakionja. Uchungu ule! Hakuwa ameuonja kwa miezi mitatu, na sasa aliutamani kuliko asali.

"Onja," akamwambia Muhdhar.

Muhdhar akaonja. Uso wake ukabadilika rangi, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Akamtazama mamake.

"Mama?"

"Ndiyo," Gulshan akasema.

Basi hivyo, msomaji. Mwizi hakuwa mume. Mwizi alikuwa bibi wa kombe na busu la kipaji. Lakini msimrukie bado, kwa sababu mimi nilimsikiliza na bado sijui nimwite nani.

"Daktari mwenyewe alisema mwaka jana," Gulshan akamwambia Mahira. "Alisema ugonjwa hauonekani kwenye damu. Si ulirudi ukanikumbatia, tukalia sote? N'kasema, huyu kapona. Mmoja kapona, na mmoja yuafa mbele ya mato yangu. Ungefanyaje wewe?"

"Ningeuliza!"

"Ningemuuliza nani? Na kombe lako, Mungu shahidi, sikulipunja hata siku moja."

Alisema kweli. Kila asubuhi aliandika mara mbili, sahani mbili. Aliamini aya zitamlinda aliyekwisha kupona, na kidonge kitamwinua aliyeanguka.

"Kutoonekana si kupona, Mama!" Sauti ya Mahira ilivunjika. "Kidonge ndicho kinachoushika. Ukikiacha unarudi. Na umerudi. Jana n'likudanganya. Damu yangu imechafuka, na leo saa nne wanitoa kwenye orodha."

Mahamri yakaanguka. Gulshan akakaa chini, pale pale kizingitini, akajipiga paja mara moja, kisha mkono ukabaki juu ya paja.

"Niliambiwa imenunuliwa," Mwende akasema polepole kitandani. "Miezi mitatu iliyopita singeweza kusimama. Sasa natembea mpaka langoni. Sikujua kwamba natembea kwa miguu yako, dada."

"Kwani wewe mbona hukuandikishwa?" Mahira akauliza. Alitaka swali liwe la ukali, likatoka bila ukali.

"Sina kitambulisho. Kuandikishwa kunataka kitambulisho, na kitambulisho kinataka karatasi za mzazi. Mama amekufa, baba sijui aliko. Nikamwambia karani nina mama wa kunyonya, yuko hai, yuko Mji wa Kale, nimlete? Akacheka. Akaniuliza ziwa liko ukurasa gani wa fomu."

"Na mpaka leo?"

"Karatasi zangu zote anazo Muhdhar. Yeye ndiye anafuatilia. Ni mwaka wa pili sasa."

"Ofisi yanizungusha," Muhdhar akasema haraka. "Kila nikienda naambiwa rudi."

Mwende hakumsikiliza. Alikuwa akiitazama mikono ya Mahira iliyoshika glasi, hina mpaka viwikoni, maua madogo madogo.

"Hii mikono naijua," akasema.

"Hunijui mimi."

"Uso sikuuona, ulikuwa umefunga ninja. Mikono naijua. Siku ya kuandikishwa, kliniki. Mimi nilikuwa mbele yako kwenye foleni. Waliponirudisha kwa sababu ya kitambulisho, wakaita anayefuata. Wakasema ilikuwa imebaki nafasi moja. Ulisema Alhamdulillahi. Kwa sauti."

Mahira alikumbuka. Alikumbuka kitenge cha manjano, mgongo wa msichana anayetoka, na jinsi yeye alivyosogea mbele upesi kabla mtu mwingine hajasogea. Hakuutazama uso ule. Kwa aibu akakaa kitandani, kando ya Mwende, bila kukaribishwa.

Mwende akaisukuma glasi ile kuelekea kinywa cha Mahira. "Kunywa. Ni yako."

Glasi moja, kidonge kimoja. Nusu kwa nusu hakuna anayepona, hilo sista alishawaambia wagonjwa wote. Mahira aliiweka juu ya kigoda katikati yao.

Simu ikalia.

Alikuwa Sista Nanjala, na sauti yake ikajaa chumba kizima.

"Mahira, daktari ameingia. Faili lako ni la tatu. Nipe jina."

Gulshan, kizingitini, akajigusa kifua. Akamwashiria kwa kichwa: nitaje mimi. Mwende akafumba macho. Anajua, na wewe unajua, kwamba Gulshan akitajwa leo, kesho glasi haitakuja Makadara.

"Mahira? Unanisikia?"

"Nakusikia, sista. Ninalo jina. Lakini nikilitaja, kuna mtu mwingine atakufa. Nataka kwanza yeye apate nafasi."

"Mahira, hapa si sokoni. Mtu gani?"

"Siku uliyoniandikisha mimi, mbele yangu alikuwapo msichana mliyemrudisha. Anaitwa Mwende. Hana kitambulisho. Mtafutieni njia, sista, nami nitakwambia kila kitu."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa. Mwende alifumbua macho. Gulshan alianza kusoma dua chini ya pumzi.

"Mwende," Nanjala akasema. "Mwende wa kantini ya bandarini?"

"Huyo huyo."

"Sasa nimtafutie njia gani? Huyu yumo."

"Yumo wapi?"

"Kwenye orodha, Mahira. Aliandikishwa mwezi mmoja baada yako, kwa karatasi ya kungojea kitambulisho. Ni namba hamsini na tatu. Dawa yake inachukuliwa kila mwezi bila kukosa. Ijumaa iliyopita imechukuliwa."

Gulshan akaiacha dua katikati.

"Mimi?" Mwende akasema. "Mimi sijawahi kuiona hata chupa."

"Nani huyo anayesema?"

"Ni yeye, sista. Ni Mwende mwenyewe. Yuko kando yangu."

Simu ilipozungumza tena, sauti ya Nanjala ilikuwa imeshuka, kama mtu aliyefunga mlango kwanza.

"Hapa imeandikwa mgonjwa hawezi kutembea. Kwenye dirisha la dawa kuna barua. Anayechukua ni kaka yake, ametia sahihi mara ishirini na mbili."

Mara ishirini na mbili! Dawa ya wanawake wawili ilikuwapo, msomaji. Ilikuwapo muda wote ule Gulshan akiiba kwa mmoja ampe mwingine, muda wote ule damu ya Mahira ikichafuka. Haikuwahi kupungua hata kidonge kimoja.

"Kaka gani?" Gulshan akauliza kutoka kizingitini, kwa sauti ya kitoto.

Lakini Mahira alikuwa ameshageuka. Pale alipokuwa amepiga magoti Muhdhar palibaki kifuniko cha chupa ya chai tu. Dirisha dogo la nyuma lilikuwa wazi. Nje, upande wa barabarani, pikipiki mpya ikanguruma.

Kwenye kigoda glasi ya zafarani ilikuwa bado imejaa, mashapo yanatua chini polepole, na hakuna aliyeigusa.

"Sahihi inasomeka vizuri," ikasema simu. "M, u, h, d, h, a, r. Mahira, mimi bado nangoja. Jina hili unalijua?"